Pomboo wa Kisite si wa kuahidiwa kwenye tangazo

Kwako Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Likoni. Barua yangu ni ndefu kidogo, naomba univumilie na ikiwezekana usiikatekate, manake jambo lenyewe nimekaa nalo tangu mwezi wa pili na kila nikisema niliache linarudi.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani tatu dukani, na nina chama cha wanawake kumi na wawili, majirani na wateja, tunachanga kila wiki. Mwaka jana tukakubaliana hela ya Desemba hatugawani, tutaiweka twende matembezi, na si matembezi ya kukaa kwa hoteli na kupiga picha, twende mahali tukaone kitu. Mmoja wetu akaleta tangazo alilotumiwa kwa WhatsApp, safari ya siku moja Wasini na Kisite, boti, miwani ya kuangalia chini ya maji, chakula cha mchana cha baharini, na chini kabisa kwa herufi kubwa nyekundu: POMBOO LAZIMA, USIPOWAONA UNARUDISHIWA PESA ZAKO. Sote tulifurahi, tena mimi ndiye niliyewaambia wenzangu hapa hatupotezi kitu, pomboo wako ndani ya bei. Naomba wasomaji walishike hilo neno lazima, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Basi tukaondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, matatu ya kukodi, Ukunda, Msambweni, Ramisi kule kwenye miwa, halafu pale Kanana unaiacha barabara ya Lunga Lunga unakata kushoto kuelekea Shimoni. Tulikuwa na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, bibi wa miaka sabini na kitu, kwao Vanga, baba yake alikuwa mvuvi wa mishipi na madema. Hakuwa mwanachama lakini roho ilikataa twende bahari ya kwao na yeye tumuache nyumbani na redio. Tulipofika gatini alishuka, akasimama, akaangalia maji yanavyotoka, akasema leo kaskazi imelegea, mtaona mpaka chini. Na kweli, siku ile maji yalitulia hivi kwamba kivuli cha boti ulikiona kimelala juu ya mchanga.

Kiingilio cha hifadhi tulilipa kwa simu, kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia huduma, halafu askari akauliza nani ana chupa za plastiki. Tulikuwa nazo, kartoni nzima ya maji tuliyonunua Ukunda. Akatueleza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia na kutupa haziingii ndani ya hifadhi, basi tukayamimina maji kwenye jagi kubwa la boti, chupa zikabaki. Hakuna aliyenuna, hata mmoja. Nalisema hili kwa sababu baadaye nililikumbuka sana, kwamba tuliambiwa kabla ya kupanda tukatii, na la jinsi ya kuwatazama pomboo lau tungeambiwa kabla ya kupanda nina hakika tungetii vilevile. Lakini la pomboo hatukuambiwa. Yule kijana wa kampuni iliyotuuzia safari aliwaeleza wageni wawili wazungu tuliokuwa nao maneno machache kwa Kiingereza, sisi tukagawiwa miwani kutoka kwa gunia na boti ikang'oa.

Kwa wasiokujua, Kisite ni bustani ya baharini ya taifa, iko kusini ya kisiwa cha Wasini, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ilitangazwa miaka ya sabini, Kisite yenyewe ni kilomita mraba 28 na humo hakuvuliwi kabisa, halafu pembeni yake ni hifadhi ya Mpunguti, kilomita mraba 11, ambako mvuvi anaruhusiwa na zana zake za kiasili. Kuna vijisiwa, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, na Kisite kwenyewe ambako ni mwamba tu na ndege. Shangazi alinieleza njiani kwamba zamani huko ndiko watu walikokuwa wakivua, wa Wasini, wa Mkwiro, wa Shimoni mpaka wa kwao Vanga, na walipokatazwa palikuwa na machungu nyumbani. Manahodha wengi wanaobeba wageni leo ni watoto na wajukuu wa wavuvi wale wale. Kwa hiyo hawa si watu wasioijua bahari. Nataka hilo lieleweke manake nimesikia watu wengi wakiwalaumu manahodha tu, mimi siwalaumu hivyo.

Sasa pomboo. Tulikuwa tumeipita ncha ya Wasini tunaelekea Mpunguti ya Juu, baharia mdogo aliyekaa mbele akanyoosha mkono, na kweli mapezi yale, moja, mawili, matano, sita. Walikuwa wanaenda taratibu, wanaibuka wanapumua wanazama, wanaibuka tena palepale mbele kidogo. Kulikuwa na mmoja ana mtoto, mtoto amegandana na ubavu wa mama kama mfuko ulioshonwa juu ya kanzu, mama akiibuka naye anaibuka, mama akizama naye anazama, sekunde ile ile. Sijawahi kuona kitu kama kile na machozi yalinilenga, nasema ukweli.

Haikupita dakika tano zikaja boti nyingine, simu zilikuwa zimeshapigwa, tukawa boti tano. Na ndipo ilipoharibika. Abiria wakaanza kupiga kelele, kapteni wasogelee, kapteni upande huu, kapteni sisi hatujawaona vizuri, na kwenye boti yetu pia walipiga kelele, na mimi nilisimama na simu yangu nikapiga kelele nao. Boti ya kushoto ikawakatia mbele, yetu ikawafuata nyuma, ya tatu ikaja na kasi mpaka mawimbi yake yakatulowesha. Wale pomboo wakabadilika. Wakizama wanakaa, wakiibuka wanaibuka mbali, na kila wakiibuka mashini zinaongezwa moto. Kisha wakati mmoja yule mama akaibuka kulia kwetu na mtoto akaibuka kushoto, kati yao iko boti. Mtoto peke yake. Kichwa kile kidogo kikatoka kikapumua kikageuka huku na huku.

Shangazi alikuwa amekaa chini muda wote ameshika leso yake. Akamwambia nahodha, mwanangu zima hiyo mashini. Nahodha akasema, bibi, hawa wamelipia pomboo. Shangazi akasema, wameshawaona. Nahodha akaniangalia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeandikisha kundi, na mimi nilikuwa bado nimesimama na simu mkononi. Nikamwambia zima.

Akazima. Boti nne zikaendelea nao zikaenda zao kuelekea bahari kuu, na sisi tukabaki tunayumba pale na sauti ikawa ni ya maji tu yakigonga mbao. Wengine kwenye boti walikasirika, sitaficha. Tukakaa robo saa hivi. Halafu nyuma yetu kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama, ikasikika pfuu, kama mtu anazima mshumaa mkubwa, tukageuka, wawili, labda hatua arobaini, wanapita polepole. Pfuu, tena pfuu. Zile pumzi wenzangu bado wanazizungumzia mpaka leo kuliko zile picha tulizopiga mwanzo ambazo ukizitazama ni maji na mgongo wa boti ya mwenzako. Yule mama na mtoto hatukuwaona tena.

Nilimuuliza nahodha huku tumezima, kwa nini mnawafukuza na nyinyi mnajua? Akanijibu kitu ambacho sikukitarajia. Akasema yeye mwenyewe hapendi, kwanza petroli, kuwakimbiza pomboo kunamla mafuta kuliko safari yote ya kwenda na kurudi Shimoni. Lakini yule aliyetuuzia tiketi Mombasa ndiye aliyeshika pesa zetu, yeye nahodha anakodiwa kwa bei maalum, na abiria wakirudi wanalalamika hawakuona pomboo au waliwaona mbali, pesa ya kurudishiwa inakatwa kwenye yake. Sasa fikiria mtu ana deni la mashini, ana watoto shuleni, na abiria thelathini wanapiga kelele, atazima?

Kwa hiyo Mhariri, mimi naona kule kufukuzwa kwa pomboo hakuanzii Kisite. Kunaanzia kwenye simu zetu huku mjini, kwenye lile neno lazima. Ukimuahidi mtu mnyama wa porini kwa pesa ni lazima umkamate umlete, na pomboo haletwi ila kwa kufukuzwa. Hakuna mtu anayeweza kuahidi pomboo, bahari ni yao, leo wako Mpunguti kesho wako kwingine. Anachoweza kuahidi mtu muungwana ni boti nzima, jaketi za kuokolea za kutosha, nahodha anayejua, na chakula. Pomboo ni bahati yako na riziki yako.

Niliporudi nilimuuliza mteja wangu mmoja anayefundisha bayolojia, nikamueleza nilichokiona. Akaniambia pomboo halali kama sisi, yeye anavuta hewa kama mimi na wewe, sasa akilala fofofo atakufa maji, ndio maana upande mmoja wa ubongo unalala na mwingine unabaki macho wa kumpandisha juu kupumua. Ule mwendo wa taratibu tuliowakuta nao, alisema huenda ndio walikuwa wanapumzika. Na mtoto ananyonya chini ya maji, kidogo kidogo, huku mama anaogelea, kwa hiyo ukiwatia mbio wakati ule umemnyima usingizi mama na umemnyima maziwa mtoto, na boti zinakuja kila siku, si moja, msimu mzima. Hakuna damu inayoonekana kwa hiyo kila mtu anarudi nyumbani anadhani hakuna kilichotokea.

Wako watu wataniambia mbona kuna utaratibu wa kuwatazama pomboo, na ndio upo, manahodha wa huko wanaujua kwa kichwa, punguza mashini, njoo kwa ubavuni usije kwa mbele, usiwazunguke, boti zisirundikane, usikae muda mrefu, wakiondoka waache waondoke. Nahodha wetu alinitajia yote. Anayekosa kuujua ni abiria, na abiria ndiye anayepiga kelele.

Tulipofika Kisite kwenyewe nahodha alifunga kamba kwenye boya. Nilimuuliza kwa nini asitie nanga akasema utaona mwenyewe ukiingia. Basi tukaingia, wengine na dira zao, yale magauni mapana, wengine na suruali na fulana, jaketi juu, tumeshikilia kamba kama watoto wa nasari. Mimi ni mtu wa pwani wa miaka arobaini na sita na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuutia uso wangu kwenye maji ya chumvi na macho yakawa wazi.

Sitaweza kuyaeleza yote. Nitaeleza pono tu. Pono sote tunamjua sokoni, tunasema fulani ana usingizi wa pono, lakini pono akiwa macho ni mfanyakazi wewe, anakuja na ule mdomo wake kama wa kasuku anauma jiwe, na unamsikia, kra, kra, chini ya maji unasikia meno, kisha anaenda mbele kidogo anatoa nyuma yake vumbi jeupe linashuka chini. Ule ni mchanga. Anakula majani ya bahari yaliyoota juu ya matumbawe yaliyokufa, anasaga na lile jiwe, linatoka mchanga. Kumbe sehemu ya ule mchanga mweupe wa Diani tunaoulalia Idi imepita tumboni mwa pono. Na ile kazi yake ya kula majani ndiyo inayowapa matumbawe wadogo mahali pa kushika, akikosekana yeye majani yanafunika kila kitu.

Shangazi alikataa kuingia, akasema mimi mzee nitaangalia kutoka juu. Lakini alipoona sisi tunaibuka tunapiga mayowe tunarudi, hakuvumilia, baharia akamshusha kwa ngazi pole pole, leso imefungwa vizuri, amekalia lile duara la kuokolea, akainamisha uso. Alikaa hivyo mpaka nikapata wasiwasi. Alipoinua kichwa alivua miwani akaanza kuhesabu majina kwa sauti, pono, changu, tasi, chewa, mkunga yule amechungulia pangoni, nimewapara magamba miaka sitini, sijapata kuwaona wakitembea.

Hilo lilinigusa kuliko lolote siku ile. Mtoto wa mvuvi, mke wa mvuvi, miaka sitini anawashika wakiwa wamekufa. Na huku mgeni anatoka Ulaya anakuja kuwaona wakiwa hai, anarudi kwao anawajua kuliko yeye. Si kosa la mgeni, nasema tu ni mambo yanayofaa kubadilika, hata watoto wa shule za Kwale na Mombasa wangepelekwa mara moja tu.

Sasa nanga. Boti moja ilichelewa ikakuta maboya yote yana watu, ikatia nanga karibu nasi. Mimi nilikuwa na uso majini. Niliiona inashuka, ikapiga tumbawe lililotanda kama matawi ya mpera, matawi yakakatika kama bisikuti, pale palipokatika ndani ni peupe pe kama chokaa, kisha boti juu ikavutwa na maji na mnyororo ukaburuta, ukafagia mahali pengine pakubwa kama kitanda. Haikuchukua hata dakika. Mteja wangu mwalimu aliniambia yale ya matawi yanaota sentimita chache kwa mwaka, yale makubwa ya mviringo kama ubongo ni kama sentimita moja tu. Kwa hiyo jiwe la ukubwa wa meza yangu ya kukatia nguo lilianza kabla babu hajazaliwa. Na haya matumbawe yameshateseka, ile El Nino ya 1998 maji yalipata joto yakageuka meupe, mengi yakafa pwani yetu yote, na mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza tena dunia nzima yanageuka meupe. Joto la bahari sisi wa Likoni hatuwezi kulizima kwa mkono, lakini nanga ni mkono wa mtu. Boya ni duara la plastiki na kamba na uzito chini, si mradi wa mabilioni. Yaongezwe, basi.

Niliona pia mtu anamwaga mkate. Samaki wenye milia wakamjaa mpaka haonekani na watu wakashangilia. Niliona kijana amesimama juu ya tumbawe na zile ndara zake ndefu za kuogelea akirekebisha miwani, akiteleza anavunja, akiteleza anavunja, na wala hakujua, alidhani ni jiwe. Hata mimi ningedhani ni jiwe lau si nahodha wetu kutuambia dakika ya mwisho kwamba lile ni kiumbe, liko hai, usikanyage, ukichoka lala chali jaketi litakubeba.

Mchana tukarudi Wasini tukala, kaa wa kuvunja kwa jiwe, wali wa nazi, samaki wa kupaka, nalo hilo sina la kusema zaidi ya ahsante. Wasini hakuna gari hata moja, na maji matamu ni shida, kwa miaka mingi wamekuwa wakitegemea mvua wanayoihifadhi kwenye mabirika na mengine yakivushwa kutoka Shimoni, kwa hiyo ukipewa maji ya kunawa pale uyatumie kwa adabu.

Lakini nataka niseme kuhusu wale akina mama. Kuna kikundi cha wanawake wa Wasini wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, mawe makubwa ya ajabu yamesimama, maji yakijaa yanaingia chini yako na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanatoka kwa mamia. Mama aliyetupokea hakuturuhusu kukanyaga ubao wa kwanza mpaka atueleze. Kwa Kiswahili. Dakika mbili hazikufika. Msishuke kwenye ubao, msivunje kitu, msichukue kombe wala jiwe, hii ndiyo shamba letu. Akatuuliza tumeelewa? Tukasema tumeelewa. Na watu wale wale waliopiga kelele asubuhi kapteni wasogelee, walitembea pale kama wako msikitini, na kijana mmoja wa boti yetu aliyekuwa na kombe mfukoni tangu Kisite, limo hai ndani yake, alilitoa mwenyewe akauliza arudishe wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Ndio nasema hivi, Mhariri. Wanaohusika na hifadhi na wenzetu wa kaunti ya Kwale waweke hizo dakika mbili pale gatini Shimoni, pale pale wanapokagua chupa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na abiria wote wasikie pamoja na nahodha akiwepo, ili abiria akipiga kelele baharini nahodha awe na pa kushika, aseme si mimi, mliambiwa. Na wale wanaouza safari wazuiwe kuandika pomboo lazima. Anayeuza mchele hawezi kuandika kilo mbili ndani akatia moja na nusu, kuna sheria, kwa nini huyu aahidi mnyama asiye wake? Na ile kumkata nahodha pesa kwa sababu pomboo hakutokea ikome kabisa, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Nilimpigia yule aliyetuuzia safari. Hakunitukana, tulizungumza vizuri. Akaniambia mama, nikiliondoa hilo neno watu watanunua kwa mwenzangu ambaye bado analo. Nikamuelewa. Kwa hiyo na sisi wanunuzi tuna kazi yetu. Ukipewa bei ya Wasini, au ya Watamu, au hata ukivuka ukaenda Unguja, usiulize pomboo wapo? Uliza mnafunga boya au mnatia nanga? Pomboo wakitokea mnazima mashini? Jaketi ziko ngapi? Anayejibu vizuri mpe pesa yako. Nasema mapema manake Julai mpaka Septemba nyangumi wanapita pwani yetu wakitoka kule kwenye baridi ya kusini, wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, wana watoto wadogo, na tayari nimeshatumiwa tangazo, herufi nyekundu zile zile, NYANGUMI LAZIMA. Wallahi nilishtuka.

Sisi chama chetu tumekubaliana kaskazi ijayo tunarudi, safari hii tunamlipa nahodha wetu moja kwa moja mkononi mwake, na nimeshamwambia kwa simu hatudai pomboo. Alicheka akasema basi petroli nitawapunguzia.

Na mimi nina kazi usiku baada ya kufunga duka. Dira ndani ya maji ni hatari, inajaa, inapanda, inajifunga miguuni, wenzangu wawili walitoka mapema kwa sababu hiyo tu. Nashona nguo za kuogelea, kitambaa chepesi cha kuvutika, mikono mirefu mpaka kiganjani, suruali, na sketi fupi juu yake, mwanamke ajistiri na aogelee, tena jua halimchomi kwa hiyo hana haja ya kujipaka yale mafuta, ambayo nimesikia kule Hawaii tangu 2021 wamezuia kuuza yale yenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Ziko kumi na tatu. Ya shangazi ndiyo ya kwanza, nimeshampima, ametaka ya rangi ya zambarau na mfuko mmoja wa kutilia miwani.

Wako,
Fundi wa nguo,
Likoni, Mombasa